Rakaa Mbili Chula

Swali lenyewe ni fupi. Nikiwa Chula, nyumbani kwa mama yangu, adhuhuri ikiingia, nisali rakaa nne au mbili?

Chula ni kimoja katika msururu wa visiwa vya Wabajuni, ule unaoshuka kusini ya Kisimayu: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo, mpaka unakaribia Rasi Kiamboni ambako Somalia inaishia na Kenya inaanza. Nilizaliwa huko. Tulitoka baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka Januari 1991, nami ni mtoto wa chuoni, juzuu ya Amma bado sijaimaliza. Tuliingia Kenya kwa mashua pamoja na majirani, tukaishi kambini Mombasa. Miaka ikapita. Mama akarudi, mimi sikurudi. Leo nafundisha urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na mke wangu na watoto wako Mombasa. Chula nakwenda kumtazama mama, nakaa siku za kuhesabika, naondoka.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi hali hii ina hukumu yake. Aliyekusudia mwendo wa marhala mbili, unaokadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu, anaruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Akifika aendako na nia yake ni kukaa pungufu ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, bado ni msafiri. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba bahari hukumu yake ni ya bara, na kwamba hata chombo kikiumaliza mwendo huo kwa saa moja, ruhusa haiondoki. Kitabu hicho kimesomeshwa katika pwani yetu vizazi kwa vizazi, na kila nikiifikia mas'ala hiyo huona kwamba mimi pia nimo ndani yake. Cessna 172 huzikata marhala mbili kwa muda usiofika nusu saa. Sheria haikuuliza umechoka kiasi gani wala umekunywa maji mara ngapi njiani. Imeuliza umetoka wapi, unakwenda wapi na umenuia nini.

Lipo sharti jingine ambalo watu wengi hulipita haraka, nami kwa kazi yangu siwezi kulipita. Msafiri awe na mahali anapopakusudia. Mwenye kutangatanga asijue aendako hapunguzi sala, hata akiizunguka dunia. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya angani imo katika hukumu hiyo, kwani mwanafunzi mpya hafundishwi kwenda mahali, hufundishwa kuzunguka. Tunapanda, tunageuka, tunakwenda sambamba na njia ya kurukia, tunageuka tena, tunatua, na kabla magurudumu hayajapoa tunaruka upya. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwa kali ndege ndogo hukimbia muda mrefu zaidi juu ya lami kuliko ambavyo ingekimbia Malindi, ndiyo maana tunaanza kazi asubuhi na mapema. Mwanafunzi yuko kiti cha kushoto, mimi wa kulia, mikono yangu iko magotini karibu na usukani bila kuushika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuwa karibu kiasi cha kuokoa, na kujizuia kiasi cha kumwacha mwingine ajifunze. Tunakwenda mwendo mrefu bila kwenda popote. Nikishuka, nasali nne.

Safari ndefu za mafunzo ni jambo jingine. Baadhi yake hutufikisha Malindi, na kutoka Malindi hadi Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Siku isiyo na ukungu, ukiwa juu ya Manda unaiona pwani ikipanda kaskazini: Pate, Ndau, Kiwayu, kisha maji matupu. Mwanafunzi anatazama saa na mafuta, kama nilivyomfundisha. Mimi natazama kule. Halafu tunageuka, kwa sababu kwa ndege mpaka hauko mbali na hapo, na anga la upande wa pili si la kufundishia.

Kwenda Chula kwenyewe si kama kugeuza usukani. Kwanza ni ndege ya abiria hadi Kisimayu, ikiwa safari zipo. Mwezi Mei 2021 Kenya ilisimamisha safari za ndege kati yake na Somalia, zikarejea mwezi wa Juni, na katika kipindi hicho mama alikuwa na homa nami niko Nairobi nimeshika simu. Kutoka Kisimayu ni mashua ya mashine, kwa kuwa bara ya upande ule haipitiki kwa salama. Na mashua ina miezi yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari inakubali. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, mawimbi huvunjika kwenye miamba ya mlangoni na hata wavuvi waliozaliwa pale hukaa wakatengeneza nyavu. Sasa tazama jinsi kazi yangu ilivyopangwa: Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi Nairobi. Wanafunzi wote wanataka kuruka, waliokaribia mtihani wa leseni wanataka kuumaliza, na kila saa ya ndege inalipiwa kwa pesa ambayo wazazi wa wengine wameuza shamba kuipata. Mvua za masika zinapoanza na ndege zikabaki zimeegeshwa, ndipo likizo hutolewa kwa urahisi, na ndipo bahari ya Chula huanza kufunga. Bahari inafunguka wakati kazi inanishika, na kazi inaniachilia wakati bahari inafungwa.

Hapo humkumbuka Juraij. Kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim: mcha Mungu wa zamani aliyekuwa akisali katika hekalu lake, mama yake akaja akamwita, naye akajiuliza amwitikie mama au aendelee na sala, akaendelea. Mama alirudi tena na tena. Mwishowe alimwombea dua mbaya, na dua ikapokelewa. Wanavyuoni waliosherehesha kisa hiki wamesema kwamba sala ile ilikuwa ya sunna, na kumwitikia mama kulikuwa na haki zaidi. Mimi hujiuliza kazi yangu ina daraja gani. Nikiwa angani na mwanafunzi asiyejua bado kutua, mama akipiga simu, roho ya mtoto wa mtu iko mikononi mwangu na hapo sina la kuchagua. Lakini likizo niliyoiahirisha ili mwanafunzi fulani afanye mtihani wake mwezi huu badala ya ujao, hiyo si faradhi. Ni sunna njema. Ni aina ileile ya wema iliyomfanya Juraij asigeuke, na ubaya wake ni kwamba unaonekana kama ibada.

Nirudi kwenye sala. Alasiri moja, msikitini Chula, walinipa heshima ya kusalisha. Ami yangu ndiye imamu, na kwa kawaida nikisali nyuma yake natimiza nne bila mjadala, maana msafiri akimfuata mwenyeji hufuata sala ya mwenyeji. Siku hiyo alinishika mkono akanisogeza mbele. Sikutaka kumkatalia mbele za watu. Nikageuka, nikawaambia mimi ni msafiri, nitatoa salamu kwenye rakaa ya pili, wao watimize zao. Nikasalisha mbili, nikatoa salamu. Kisha nikasikia nyuma yangu safu nzima ikiinuka: ami, binamu zangu, mzee aliyenifundisha kuogelea, watoto wa watoto wa majirani tuliokimbia nao. Wote walisimama kumaliza sala ya wenyeji, mimi nimekaa kitako mbele yao, mgeni.

Habari ilimfikia mama kabla yangu. Hakukasirika. Aliuliza tu, huku akipekua mchele, "Mbona wasali sala ya wapita njia? Hapa si kwenu?"

Wapo wanaotaka kunirahisishia jambo hili, na kwa fikihi wana haki. Kwetu Mashafi kupunguza ni ruhusa, si lazima. Naweza kusali nne Chula siku zote na sala yangu ikawa sahihi, na mama akaridhika. Kwa hiyo swali langu halihusu kinachojuzu. Linahusu kile ninachokikiri mbele ya Mwenyezi Mungu ninaposimama katika nyumba ile: kwamba mimi ni wa hapa, au kwamba mimi ni mwenye kupita hapa.

Nilitafuta jibu nikalikuta Makka. Mtume (S.A.W.) alizaliwa Makka, akalelewa hapo, akaoa hapo, na karibu watoto wake wote wakazaliwa hapo. Alipoingia tena mwaka wa 8 Hijria, mji ukiwa mkononi mwake, alikaa kiasi cha wiki mbili na zaidi. Ibn Abbas amepokea siku 19, wengine wamepokea 18. Siku zote hizo alipunguza sala. Mwaka wa 10, katika hija ya kuaga, alipunguza tena. Imam Shafi katika kitabu chake Al-Umm ameashiria jambo ambalo ndilo kiini cha shida yangu: masahaba waliosali naye sala ya safari Makka, baadhi yao walikuwa na nyumba mji huohuo, na jamaa wa damu. Nyumba na damu havikuwafanya wenyeji. Na Umar bin Khattab, mzaliwa wa Makka, alipofika huko akiwa khalifa aliwasalisha watu rakaa mbili, kisha akawataka wenyeji watimize zao kwa kuwa yeye na wenzake ni wasafiri. Imo katika Muwatta ya Imam Malik. Niliposimama mbele ya ami yangu nilikuwa nafanya kitu kilichofanywa na Umar katika mji wa baba yake.

Iko habari nyingine ambayo Mbajuni yeyote akiisikia huinamisha kichwa. Usama bin Zaid alimuuliza Mtume atafikia nyumba gani Makka. Akajibu kwa swali: je, Akili ametubakishia nyumba yoyote? Akili bin Abi Talib, binamu yake, alikuwa amerithi nyumba za ukoo na kuziuza. Basi mtu aliyeufungua mji hakulala katika nyumba ya utoto wake. Alifikia mahali paitwapo Khaif Bani Kinana. Sisi tunayo nyumba ya babu Kisimayu ambayo inakaliwa na watu wengine tangu wakati wa vita. Tunaijua. Nikishuka kwenye ndege, kabla ya kwenda pwani kutafuta mashua, hupita mtaa ule, na mlango ni uleule. Nimewasikia jamaa zangu wakisema kwamba kusali sala ya safari pwani ya Kisimayu ni kuwakubalia waliochukua. Siwaungi mkono. Mtume hakuiacha Makka kwa kupunguza rakaa zake. Haki ya nyumba hudaiwa kwa wazee, kwa hati na kwa mahakama itakapopatikana, wala rakaa si ushahidi wa kiwanja.

Na hizi siku nne ninazozihesabu zimetoka wapi? Muhajiri, yaani aliyeiacha Makka kwa ajili ya dini, alikatazwa kurudi kukaa huko. Aliruhusiwa siku tatu tu baada ya kumaliza ibada za hija. Wanavyuoni wa Kishafi wakasema: kama muhajiri aliyekatazwa ukaazi ameruhusiwa siku tatu, basi siku tatu si ukaazi, na anayenuia nne amekuwa mkaazi. Nilipolielewa hili nilikifunga kitabu nikatoka nje. Kipimo kinachotumiwa na kila Shafi duniani kuamua kama yeye ni mgeni au mwenyeji kimechukuliwa kutoka kwa watu waliokwenda kuwatazama jamaa zao katika mji waliozaliwa, wakiwa wanajua watatoka. Ziara yangu si kasoro ambayo fikihi imeivumilia. Hukumu yenyewe imezaliwa na ziara kama hii.

Lakini sidai kwamba mimi ni muhajiri wa aina ile. Wale waliiacha Makka kwa ajili ya Mungu. Mimi nilitolewa na bunduki nikiwa mtoto, na ninabaki Nairobi kwa mshahara na kwa sababu naipenda kazi yangu. Tofauti hii ni kubwa na nisingependa kuifunika. Na upo mfano wa kinyume: khalifa Uthman aliposali nne Mina, karibu na Makka, masahaba walishangaa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba alikuwa ameoa Makka, kwa hiyo akajiona mtu wa pale. Sahaba Ibn Masud hakuafiki, na bado alisali nne nyuma yake, akiona kuwa kuhitilafiana ndio ubaya. Mama yangu angekuwa na hoja katika hilo kama angependa kubishana. Angesema: Ibn Masud aliweka umoja mbele ya kuwa sahihi, na wewe huwezi kuniwekea hata mimi?

Jibu langu ni hili, na nimelifikiria sana. Katika kazi yangu, kabla ya kuondoka rubani huandika mpango wa safari: anatoka wapi, anakwenda wapi, mafuta ya saa ngapi, watu wangapi ndani, atafika lini. Ukiandika uongo hapo, siku utakapopotea watakutafuta mahali usipokuwepo. Nia ya sala naiona hivyo. Nikisimama Chula nikanuia sala ya mwenyeji ilhali tiketi ya kurudi iko mfukoni, na wanafunzi wangu wananingoja, na watoto wangu wanauliza kwa simu baba anarudi lini, nitakuwa nimemwandikia Mola mahali ambapo sipo. Nne za nyuma ya ami ni za kufuata jamaa, na hapo Ibn Masud ni kiongozi wangu. Zile za peke yangu, chumbani mwa mama, nazisali mbili.

Wala kuunga udugu hakuhitaji niwe mwenyeji. Mtume amefundisha kwamba anayependa kukunjuliwa riziki na kuongezewa umri aunge jamaa zake, na hakuweka sharti la makazi. Alichokitaka ni kuunga, na kuunga ni tendo la mtu anayefika. Katika hili nina ukali kidogo na wenzangu wa ughaibuni. Kutuma pesa ni wajibu wetu, na pesa zimejenga visima na kulipa madaktari Kisimayu. Lakini pesa hazikai kitako. Hazimsikilizi mama akirudia kisa cha ndugu yake aliyezama. Mtu asiyeonekana miaka mingi huku akituma kila mwezi ametimiza kitu kikubwa, na bado kuna mlango ambao hajaufungua.

Bibi yangu, mama yake mama, alizaliwa Kisimayu ikitawaliwa na Waingereza kutoka Nairobi. Bado ni mtoto mdogo mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Jubaland kwa Italia, na bibi akawa katika nchi nyingine bila kuhama mtaa. Kwa fikihi hakuwahi kusafiri siku ile. Hukumu ya safari huanza mtu anapoyapita majengo ya mji wake kwa miguu yake mwenyewe, na mipaka iliyopigwa Ulaya haiongezi wala haipunguzi rakaa. Jambo hilo hunifariji kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri. Mpaka wa Kiamboni umetugawa sisi wa Chula na jamaa zetu wa Kiunga na Faza, lakini mbele ya Mungu kinachohesabiwa ni mwendo na nia.

Safari iliyopita nilimweleza mama haya yote, pamoja na Makka na siku tatu za muhajiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Makka ni Makka, na Chula ni kwa mamako. Kisha, kwa kuwa ni mjukuu wa nahodha, akauliza swali ambalo sikulitegemea: na mtu aliyefungwa na upepo je? Nikamwambia hilo nalo limo vitabuni. Anayekaa mahali akingoja jambo analotarajia kutimia wakati wowote, ili aondoke, hupunguza sala hadi siku 18, na mafakihi wa Kishafi wametoa mfano wa wasafiri wa bahari wanaongoja upepo. Akazihesabu siku hizo kwa vidole, akaridhika nazo zaidi kuliko alivyoridhika na hoja zangu zote.

"Basi njoo tanga mbili," akasema, "nami nitaomba upepo ukufunge."

Tanga mbili ni wakati kaskazi inapokufa na kusi halijashika, mwezi wa Machi kuelekea Aprili, na mashua huondoka leo au wiki ijayo. Ni wakati huohuo mvua zinapoanza kukaribia Nairobi na ratiba ya kuruka ikapungua. Nimeshaomba likizo ya kipindi hicho, mwenzangu mmoja amekubali kuwashika wanafunzi wangu wawili wanaokaribia kuruka peke yao, na mke wangu anataka tuwachukue watoto.